Kidole Kimoja

Kati ya tairi na madigadi
ilibaki nafasi ya kidole kimoja.
Nilipima kwa kidole hiki, chenye kovu la kopo la maharage,
nimepiga magoti kwenye changarawe nje ya Yorkton,
mwezi wa tano, theluji bado imejibanza
kivulini mwa ghala la ngano la kina Prokopiw.

Trela yenyewe ndogo, ya mviringo, nyeupe iliyochoka,
yai la fibaglasi lililotagwa mwaka sabini na tatu.
Ndani: meza inayogeuka kitanda,
jiko la macho mawili, moja pofu.
Tulipoachana, Lubomyr alichukua pikapu,
mimi nikachukua kinachovutwa.
Wakili wake alitabasamu.

Springi haina. Watu hushangaa.
Ni bomba la pembe nne, na ndani yake
nondo ya pembe nne, pembe zikitazama ubavu,
na katika kila kona imebanwa kamba ya raba.
Barabara ikipiga, nondo hujipinda, raba humeza,
kisha raba hurudisha.
Ndiyo kazi yake yote.
Hii ilimeza miaka arobaini na tisa,
na siku moja, bila mlio, ikaacha kurudisha.
Mkono wa gurudumu ukabaki umeelekea juu
kama wa mwanafunzi aliyesahauliwa na mwalimu.

Nikapima uso wa habu hadi uso wa habu.
Nikapima tena baada ya chai;
chai ikanipa robo inchi zaidi.
Mara ya tatu nilitumia utepe wa mama, ule wa cherehani,
nikaandika jibu ukutani kwa penseli,
nikampigia simu mtu wa kiwanda kule Regina.
Akauliza: mikono ishuke digrii ngapi?
Nikasema ishirini na mbili na nusu
kwa sauti ya mtu anayejua.

Siku ya kukata, grainda ilikula chuma tangu asubuhi,
kutu ikanijaa puani kama ugoro.
Ekseli ya zamani ilianguka saa kumi na moja.
Dhu. Basi.
Ndipo nikauona, chini ya fremu, ufa
mwembamba kama unywele, mrefu kama kiganja,
na juu ya ufa mshono wa weldingi,
mnene, wenye matuta, wenye haraka.
Mwandiko wa Lubomyr. Naujua popote.

Nililala humo miaka mingapi nikisikiliza mvua,
nikimhesabia aliyoyaacha bila kufanya:
bomba la jikoni, mlango wa nyuma, barua ya dada yake.

Ekseli mpya ilikuja juu ya lori, kilo themanini,
na kidole kimoja hakivunji chawa.
Nikampigia.
Alikuja na mashine yake na mkate wake mwenyewe.
Tuliongea hivi: Shika hapo.
Inua. Kushoto. Si kushoto kwako.
Alikata bamba la chuma, akalifunika lile ufa na mshono wake,
mimi nikitazama pembeni, kama inavyotakiwa,
mwanga wa samawati ukicheza juu ya matofali.

"Mwaka gani?" nikamuuliza.
Akainua barakoa ya kuchomelea. Jasho limemchora uso.
Hakuuliza mwaka gani wa nini.
"Themanini na nane. Njia ya Flin Flon.
Ulikuwa umelala."

Tukashusha jeki pole pole.
Yai likakaa, likatikisika kidogo, likatulia.
Nilitia mkono juu ya tairi:
vidole vinne viliingia, vikazunguka.
Yeye alikuwa tayari anakunja nyaya.

Baada ya kilomita themanini, kijitabu kinasema,
simama, kaza nati upya.
Nilisimama peke yangu kando ya shamba lisilopandwa bado,
upepo ukinivuta kola,
nikaweka spana kwenye ya kwanza.
Nilidhani imekaza.
Ikakubali robo mzunguko.
Ya pili pia.