Ajenda ya Tatu

Tulikutana juu ya duka la pembejeo, Nakuru,
watu kumi na mmoja, viti tisa,
na katoni ya maji kutoka kampuni fulani
iliyotukumbuka ghafla mwaka huu.
Mimi ndimi karani. Kazi yangu ni kuandika
nani kasema nini. Nani kalia, haimo.

Wakili Kiprugut akasoma rasimu:
kwamba Wizara itoe leseni kwa mmea tiba,
kwamba shamba liwe na ua wa nyaya, kamera, mlinzi wa usiku,
kwamba mkulima aweke dhamana benki.
Akataja kiasi.
Mtu akakohoa.
Fedha hiyo ingeinunua Kaptembwo, ploti baada ya ploti,
pamoja na madeni yake.

"Bodi tena?" Mama Chelang'at wa Molo hakungoja zamu.
"Mimi nimelima pareto. Nimechuma ua kwa ua kwenye baridi,
nikakausha, nikapimiwa, nikapewa karatasi.
Karatasi ninayo hadi leo.
Mtoto aliyekuwa asomeshwe na karatasi hiyo
sasa ana mvi."

Hapo kikao kikaacha reli.

Swaleh wa Bondeni, miezi minane ndani kwa msokoto mmoja,
akauliza ua wa nyaya ni wa kumzuia nani.
"Atakayepata leseni atapigwa picha na wakubwa,
amevaa gambuti mpya.
Mimi pia nilipigwa picha.
Nilishika kibao chenye namba.
Na acheni hilo la mmea tiba. Jina lake bangi.
Hakimu alipolitamka hakuumwa ulimi."

Dakika arubaini tukapigania neno.
Mmoja alitaka yote mawili, yatenganishwe na mkwaju.
Mwingine akauliza mkwaju ni nini.

Kisha muuguzi Jentrix Khavere, taratibu,
kama anayetafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto:
"Tusiahidi tusichokijua.
Kifafa, aina fulani, ndiyo. Kichefuchefu cha kemo, ndiyo.
Lakini nimepokea wodini vijana walioanza darasa la saba,
na mmoja wao anaamkia swichi ya taa
kila asubuhi, kwa heshima, shikamoo.
Andika hilo, karani."
Nikaandika.
Wawili wakataka lifutwe, litatuharibia.
"Likifutwa," akasema, "na jina langu lifuteni."
Halikufutwa.

Muda wote huo Nyokabi alikuwa kwenye kiti cha mlangoni,
simu imelala pajani kama kifaranga.
Hakuwa amesema neno. Nilikuwa nimemwandika *yupo*.
Simu ikatetemeka kabla ya kura.
Akasikiliza.
"Mgeuze ubavu," akasema. "Usimtie kijiko. Hesabu."
Akasikiliza tena.
"Nne? Zimefika nne?"
Tukasikia viatu vyake kwenye ngazi, kisha tusivisikie.
Sweta ikabaki kitini, mkono mmoja umegusa sakafu.

Mwenyekiti akahesabu vichwa. Akahesabu tena.
Katiba yetu, tuliyoipitisha wenyewe kwa makofi,
inadai kumi na mmoja ndipo kura ihesabike.
Tulikuwa kumi na sweta.

Nikaandika: *Kikao kimeahirishwa kwa kukosa akidi.*
Kwenye sababu nikaandika: *dharura ya nyumbani.*
Nafasi ilikuwa ndogo.
Hata ingekuwa kubwa, sijui ningeanzia wapi:
dakika ya nne, au ya tano,
ambayo bila shaka ilikuwa imeshapita
tukiwa tunakunja karatasi.

Mama Chelang'at akatia kapuni chupa za maji zilizobaki.
"Haya ndiyo malipo ya pareto," akasema, na hakuna aliyecheka.
Jentrix akachukua sweta, akaipiga vumbi.
Umeme ulikuwa umepotea. Tukashuka tukipapasa ukuta,
rasimu kwapani, nakala kumi na moja zisizo na sahihi.

Chini, askari wawili walikuwa wakinunua mahindi ya kuchoma.
Walitutazama tu, wakitafuna.
Nasi tukanyamaza sote,
tukapita kando kando,
kama watu waliobeba kitu.