Mti Mbichi Ndani ya Mukuba

Geti letu la Katuba linaliwa polepole.
Kila masika kutu inapanda kidole kimoja,
na kila kiangazi baba anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
akiikwangua kwa kipande cha msumeno.
Leo nimekaa naye. Ananiuliza tena
pale chuoni wananilipia nini.

Kutu, baba.
Kutu ya ndani.

Kwenye kromosomu ya tisa kuna mstari mfupi.
Seli ikiusoma, inafuma protini moja ndogo,
asidi amino mia na kitu,
kifaranga kati ya ng'ombe.
Jina lake limeizidi umbo: thioredoksini.
Ina vidole viwili vya salfa.

"Salfa?"
Msumeno unasimama.
Salfa anaijua. Ilishuka kutoka bomba lile
miaka ishirini na sita, ikaunguza lengalenga za mama,
ikamwachia kikohozi kinachoamka kabla yake.

Salfa ile ile, baba, ila hii ina adabu.
Oksijeni tunayovuta haiji peke yake,
inakuja na watoto watundu.
Wanazurura, wanazitia protini pingu,
zinakakamaa kama bawaba hizi.
Ndipo hii ndogo inafika, inatoa elektroni zake mbili,
pingu inafunguka, aliyefungwa anarudi kazini.
Na yenyewe, haina kitu tena,
vidole vyake viwili vinashikana
kama mtu aliyemaliza mshahara wake kwa shida za jirani
akakaa kizingitini, mikono imekunjwa.

Kimya. Mbali, treni ya madini inavuta shehena yake.
Kisha baba:

"Njo ule muti."

Mti gani?

"Ku fonderi. Mukuba ikisha kuyeyuka, inakunywaka mupepo mingi,
inakuwa mubaya, inavunjikaka sawa biskuti.
Miye na Chola tulikuwa tunabeba muti mubichi ya ekaliptisi,
na maji yake yote ndani, tunaisukuma mu moto.
Muti inalia! Inatoka na ule mupepo yote.
Mukuba inabakia inang'aa."

Anakwangua mara mbili.

"Lakini muti hairudiake. Nani alilipaka muti?"

Sina jibu. Chola aliondoka na barua ya kuacha kazi kwa hiari,
hiari ambayo hakuna aliyemwuliza,
akafa kabla mihuri haijakauka.

Namwambia: ndani yetu, baba, mti unarudishwa.
Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni hiyo tu.
Kinaikuta ndogo ile kizingitini,
kinaiachanisha vidole, kinaijaza upya
kwa nguvu iliyokuwa bukari ya jana.
Halafu inaondoka tena. Mara ngapi kwa siku, sijui.
Hata sasa, unapokwangua.

"Na siku hairudishiwe?"

Nilitaka kuliruka swali hilo.
Ikiwa na vidole wazi, hii ndogo
inamshika mwenzake mmoja shingoni,
yule mwenye amri ya kuizima seli.
Ikikaa mno imejikunja, inamwachia.
Na panya walionyimwa mstari huo wote
hawakufika hata kuzaliwa.

Anacheka; kicheko kinageuka kikohozi,
kikohozi kinachukua muda wake.
Anatema pembeni, anafuta mdomo.
"Basi kadogo iko na akili kushinda kampuni."

Vumbi jekundu limetufunika magoti sote wawili.
Upande wake wa geti umebaki chuma kitupu, cheupe.
Kufikia usiku hewa itakuwa imeanza kuuonja,
naye anajua hilo kuliko mimi.

Ananipa msumeno.
Ananyoosha vidole, anavikunja,
anauliza kuelekea jikoni
kama bukari imeiva.