Tawi la Dirishani

Baba alirudi na tawi jeupe mwaka nilioanza shule,
akaliweka dirishani jikoni, kati ya redio na chupa ya jamu.
"Limenasa wavuni," akasema, "pamoja na mengine."
Hayo mengine hakuyataja.
Sitaha huoshwa kwa mpira wa maji.

Mama alilitundikia taa za Krismasi.
Paka alijikunia shavu.
Mimi nililihesabu vidole: kumi na tisa,
kisha kumi na nane, siku nilipoliangusha.

Leo ni mimi ninayeshusha kamera,
mita mia tatu chini ya meli, nje ya Skarvvika,
mahali ambapo Baba alipaita, kwa furaha, Shambani.
Torleif anaachia waya kidogo kidogo.
Kioo kinaonyesha tope. Tena tope.
Halafu mifereji miwili, sambamba,
imenyooka kama safari ya mtu mwenye haraka:
hapa ilipita milango ya chuma, tani tatu kila mmoja,
na mnyororo katikati yake, ukipiga deki.

Nani alilima hapa akasahau kupanda?

Namjua. Nakijua hata kikombe chake cha kahawa.

Palikuwa na matumbawe yaliyokua unywele kwa unywele
tangu kijiji hakijawa na kanisa wala jina,
na sifongo walioinywa bahari
wakaitema safi,
na samaki wekundu wenye mimba, wameegemea matawi
kama wanawake kwenye foleni ya kliniki.
Waliofuatwa ni samaki wale.
Nyumba haikuwa na bei,
ndiyo maana ilibomolewa bure.

"Simama," Torleif akasema. "Rudi nyuma kidogo."
Glavu ya mpira, rangi ya chungwa, nusu imefukiwa,
na juu ya kidole gumba
kiti cha pweza, kidogo kama kifungo cha shati.
Pweza mwenyewe hayupo.
Tulikitazama dakika nne, na dakika za meli ni ghali.
Kwenye daftari nikaandika: kimoja.

Jumapili nilimweleza Baba. Sikupaza sauti;
mkono ule ndio ulioninunulia viatu,
na vitabu vilivyonifundisha
jina la kila kilichokufa.
Kahawa ikapoa. Akanyoosha mkono dirishani,
akalipuliza vumbi lile tawi,
akalifunga kwa taulo kama mtoto aliyetoka kuoga.

"Lirudishe palepale," akasema. "Huenda likashika."

Ana miaka themanini na minne. Sikumjibu.
Sasa liko mapajani mwangu, ndani ya gari,
jepesi kuliko nilivyokumbuka,
na gari bado sijaliwasha.