Hapajapimwa

Nachora sakafu ya bahari nikiwa Entebe,
ghorofa ya pili, dirisha linatazama ziwa,
katika nchi isiyo na hata hatua moja ya pwani.
Ecodu wa meza ya pili hunitania:
"Asiyekula nyama ndiye ajuaye kupima chumvi."
Sijui kama ni methali ya kwao Soroti
au ameitunga akiwa njiani.

Tarakimu hutufikia usiku, mtandao ukiwa mwepesi.
Meli imepita mbali na Ras Hafuni,
imeshusha sauti, ikangoja.
Sekunde sita na ushei.
Sauti ikarudi na habari: mita elfu tano.
Mimi nageuza kule kungoja kuwa mstari wa buluu,
kisha mstari mwingine, kisha mwingine,
hadi bara zima linaonekana limevaa vikuku.

Nakujua kungoja huko.
Baba alichimba visima Bombo, akafika hadi Luweero,
akipima kwa pima, mikono miwili imenyooshwa kama anayekumbatia hewa,
na kwa pima akilipwa.
Masikio yake yalipoanza kufa
nilikuwa na miaka tisa; akaazima yangu.
Nililala kifudifudi, kidevu juu ya tope baridi la ukingo,
naye akaachia kokoto.
Moja. Mbili. Na robo.
Chubwi!
Nikamwonyesha kwa vidole,
akaandika kwa mkaa ubavuni mwa debe.

Kisima chake kirefu kuliko vyote: pima kumi na nne.
Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya mshahara.
Pale meli ilipongoja
ungepanga visima hivyo mia na tisini na tano,
kimoja juu ya kingine,
ndipo ndoo iguse chini.

Hivi mnajua kwamba Mto Kongo hauishii baharini?
Unaingia na kuendelea,
umechimba korongo chini ya maji ya chumvi,
lenye kuta, lenye mapindo, lenye giza lake.
Nilipolichora, korongo mwingine, yule wa manyoya machafu,
alikuwa amesimama juu ya pipa la taka hapo chini
akinitazama kama mkaguzi.
Neno moja, ndege na bonde.
Na kina nacho: kina cha maji, kina cha shairi.
Hiki cha pili leo nimekiacha.
Sina nafasi ya kubeba vyote viwili.

Jana umeme ulikatika tukiwa kusini, mbali na rasi,
mahali ambapo hakuna meli iliyowahi kupita na sauti.
Uliporudi, pengo lilikuwa palepale,
jeupe, umbo la kisigino.
Ecodu akasema: "Ijazie. Mashine itakisia kutoka majirani,
nani atashuka kuhakikisha?"
Kweli, mashine inakisia vizuri.
Ilinipa mteremko laini, wa heshima,
kama uwongo wa mgeni anayesifia chakula.

Nikakumbuka kile kisima cha Nyimbwa
ambapo sikusikia kitu.
Kokoto ilikwenda, haikusema.
Nilitamani kumwonyesha vidole vitatu, Baba afurahi.
Nikamwonyesha ngumi iliyofumbwa.
Hakuandika chochote kwenye debe siku ile.
Alikaa, akafuta jasho, akateremsha kamba.

Basi nimefuta mteremko wa mashine.
Pale peupe nimeandika kwa herufi ndogo: hapajapimwa.
Ecodu ameguna. Mkubwa wetu hajaliona bado.

Jioni nikampigia Baba, nikipayuka kwenye simu
mpaka askari wa getini akageuka.
Nikamweleza bahari, sauti, mita elfu tano.
"Hizo ni pima ngapi?"
"Elfu mbili mia saba na zaidi."
Kimya. Nilijikuta nahesabu.
Moja. Mbili. Na robo.
"Mwanangu," akasema,
"na nyinyi mnalipwa kwa pima?"