Pipa la Tatu Lina Homa

Agosti, Hombolo. Simu ililia saa nane usiku:
"Mgonjwa wa tatu ana homa. Mwite muuguzi."
Ndahani akasimama katikati ya ghala,
tochi mkononi, akacheka mpaka akakohoa.
Mgonjwa gani? Mapipa sita ya mvinyo mchanga,
na la tatu linafoka kama lililotukanwa.
Akaonja. Kicheko kikakatika.

Kosa ni langu.
Kielelezo nilikishona kwa wodi ya watoto njiti, kule mjini:
kitanda, joto, zamu,
nani yuko karibu, saa ngapi, afanye nini.
Kikafanya kazi, nikasifiwa,
nikakibeba kizima hadi huku
kama mtu anayehama na milango ya nyumba ya kupanga.
Kengele ilingoja joto la mtoto.
Hamira ilikuwa imeshakufa.

Asubuhi nimekalia kreti la zabibu,
kompyuta mapajani, vumbi kwenye herufi,
ninafumua.
Mgonjwa, shuka chini.
Juu nakaza jina jembamba: Kinachoangaliwa.
Chini yake mtoto, chini yake pipa,
kesho labda tangi la maji la Nkuhungu,
keshokutwa ng'ombe wa mtu nisiyemjua.
Muuguzi naye namvua sare: Mwenye Zamu.
Homa inabaki kuwa joto lililovuka mpaka,
na mpaka kila mahali pajiwekee penyewe,
maana thelathini na saba ni uzima wa kichanga.

"Hapa" ndiyo iliyonitoa jasho.
Wodini, hapa ni kitanda namba nne.
Ghalani, hapa ni ile kona
inayopigwa na jua la saa tisa kupitia bati lililotoboka,
na bati halikuwa na jina popote kwenye mchoro wangu.

Ndahani ameinama begani kwangu.
"Na mimi niko wapi humo?"
Namwonyesha: Mwenye Zamu.
Anaguna. Anakwenda kwenye pipa la nne,
anabandika kiganja ubavuni, anafumba macho.
"Hili limetulia. Andika na hilo."

Kipimo bado kinasoma.
Natafuta rafu ya kuweka kiganja,
juu, chini, kati ya Kifaa na Mtu.
Hakuna.
Naacha mstari mtupu,
na pembeni yake, kwa atakayekuja kuazima, naandika:
usifute.