Mkebe wa Lita Tatu

Kila asubuhi, kabla ya foleni,
naijaribu mashine kwa bomba la lita tatu.
Nasukuma kwa nguvu, inasoma tatu.
Nasukuma polepole, bado tatu.
Hapo ndipo naruhusiwa kuiamini.

Leo Syombua amenikuta nikisukuma.
Kasimama mlangoni, leso begani, anahema
ngazi za orofa mbili; lifti imekufa tangu Pasaka.
"Unapima nini?"
"Napima kipimo."
Akacheka, kikohozi kikakikata kicheko.
"Basi wewe ni mtu wa biashara yangu."

Miaka ishirini na sita Kariobangi,
makaa kwa mkebe, mkebe wa rangi ya nyumba,
na juu yake nyongeza, kilima cha vidole vitatu,
maana mteja hahesabu kilichojaa, huhesabu kilichozidi.
Anawajua wanaobonyeza mkebe kitako.
Akainama, akakagua kitako cha mashine yangu.

Mashine nayo ina maswali yake.
Umri? Hamsini na tisa, kwa kitambulisho.
Kimo? Ukutani, bila viatu.
Asili? Hapo hunipa orodha fupi
ya watu ambao hawajapanda ngazi zetu,
nami nachagua jibu linalokaribia.
"Inanilinganisha na nani?"
"Na mwanamke wa umri wako, kimo chako, mapafu mazima."
"Anakaa wapi huyo?"
Sijui. Sijawahi kumwona kwenye foleni.

Kibanio puani, kama shati kwenye kamba.
Midomo ikaze, usiume.
Vuta, vuta, jaza hadi mabega yapande,
sasa puliza! puliza puliza puliza
endelea ipo nyingine ipo ipo usiache
bado
bado kidogo
        toa

(Wa chumba cha pili hudhani nazalisha.)

Mara tatu, maana shahidi mmoja hatoshi.
Mchoro ulipaswa kupanda kama ukuta
na kushuka kama paa la mabati, mteremko ulionyooka.
Wake ulipanda, kisha ukabonyea katikati
kama turubai la kibanda lililolaliwa na mvua.
Sekunde ya kwanza: lita moja, nukta moja.
Pumzi nzima: mbili, nukta tatu.

"Ndiyo yote niliyo nayo?"

Siyo yote. Namwambia kuna hewa isiyotoka
hata ukipuliza mpaka uone nyota.
Hukaa chini kabisa, chombo hiki hakiioni.
Kwa kifua kama chako huenda ni nyingi.
Dawa atakueleza daktari, mimi ni wa vipimo tu.

Anavua kibanio. Anajisugua pua, kimya.
"Chini ya gunia," anasema,
"hubaki chenga na vumbi. Hazina bei.
Sikuziuza hata siku moja.
Nilizifinyanga kwa udongo, nikazianika,
nikachemshia maharagwe watoto wanne,
mlango nimeufunga
kwa sababu ya baridi ya Julai."

Naandika: mbili, nukta tatu.
Fomu haina nafasi ya hayo mengine.

Ananiachia ndizi mbili mezani, nyongeza,
anashuka. Namsikia akisimama kwenye kona ya ngazi,
mkono kwenye chuma,
anajaza, anamwaga,
anajaza.