Ritifaa

Miaka kumi na miwili Aikaeli amefungua maktaba kabla yangu,
ndoo mkono huu, ufunguo mkono ule.
Saa mbili nikifika na muhuri wangu wa tarehe
sakafu imeshakauka, viti vimeshashushwa mezani,
na yeye yuko juu ya stuli
anapangusa vibao vya ukutani.

KIMYA TAFADHALI.
USILE HUMU NDANI.
USING'OE KURASA.
Rangi nyeupe juu ya ubao mweusi,
kazi ya fundi mmoja wa Pasua
aliyekwisha kuhama mji.

Sikuwahi kujiuliza anavionaje.
Mtu anayegusa herufi kila siku,
nilidhani wanajuana.

Juni, Moshi ikiwa na baridi yake,
harufu ya kahawa ikitujia kutoka kiwandani,
tukaanzisha kisomo cha Jumatano,
saa kumi jioni, chumba cha magazeti ya zamani.
Tulipanga viti ishirini. Wakaja saba:
wauza ndizi wanne wa Mbuyuni,
vitenge vimeganda utomvu,
mlinzi wa benki, fundi viatu,
na wa saba alisimama mlangoni na ufagio,
akasema anasubiri tumalize afagie.

Mwalimu Mbonea hakuuliza kitu.
Alisogeza kiti.
Akakisogeza tena Jumatano iliyofuata,
na iliyofuata,
mpaka ufagio ukabaki stoo.

Agosti, Alhamisi moja, maktaba imejaa
wanafunzi wa kidato cha nne na mitihani yao,
nikasikia sauti kutoka juu ya stuli,
sauti ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:
Ki. Mya.
Kimya!
Akarudia kwa nguvu, kama anaita mtu ng'ambo ya bonde,
KIMYA TA-FA-DHA-LI!
Vichwa arobaini vikainuka.

Kunyamazisha watu ndiyo kazi niliyoajiriwa.
Siku hiyo kalamu yangu ilianguka chini ya meza
na niliitafuta kwa muda mrefu sana.

Kibao cha tatu kikamshinda.
"U-si-ngo-e. Usingoe?
Au wamekosea, ni usingoje?"
Nikasogea. Baada ya ng palikuwa patupu,
ubao unang'aa.
Nikamweleza: hapo huwa pana alama,
ndogo, juu, Mwalimu anaiita ritifaa.
Aikaeli akashuka, akaketi juu ya ndoo.
"Kile kidoa?
Nilidhani inzi ndiye aliyekiweka.
Nimekisugua miaka yote hiyo, kwa sabuni, kwa jivu.
Mwaka juzi kikatoka.
Nikafurahi, wewe! Sikukwambia tu."

Jumamosi ya hadithi, mkekani
wako Praygod, Ndekirwa mwenye ndala kombokombo,
na Zulfa wa Majengo asiyekosa hata mvua ikinyesha.
Mwalimu akampa Aikaeli ukurasa mmoja.
Mmoja tu.
Akaenda nao polepole, kidole kikitangulia,
mpaka kwenye ng'ombe. Akasimama.
Jasho, na ni saa tatu ya asubuhi.
"Bana pua, bibi," akasema Zulfa.
Watoto wote wakabana pua,
ng', ng', ng', chumba kikawa zizi,
na ng'ombe akapita.

Jumatatu nilimkuta juu ya stuli bila kitambaa.
Ameshika kichupa cha rangi ya kucha, nyeupe,
cha binti yake anayesuka nywele stendi.
Ulimi nje kidogo, kama mtoto anayechora.
Akaiweka: nene, imeinamia kushoto,
kubwa kuliko inavyostahili.
Mkaguzi akija ataiuliza. Na aulize.

Bado anapangusa kila siku,
kibao cha kwanza, cha pili, cha tatu.
Akifika pale juu ya ng
huondoa mkono,
hupuliza tu.